Kwa nini seva ya mtumba haitoi sauti

Wiki hii tuzungumzie kompyuta. Sina nia ya kuwapigia debe wauzaji. Nataka kueleza jambo moja linalowafanya watu watoe fedha mfukoni pasipo sababu.

Siku hizi zinaingia nchini kompyuta kubwa za mtumba ziitwazo seva. Zinatoka kwenye makampuni ya ng'ambo ambayo hubadilisha mitambo yake kila baada ya miaka michache. Bei yake inatamanisha. Unakuta mashine yenye RAM ya gigabaiti 32 au 64, prosesa mbili na diski nne, kwa fedha ambayo dukani ingekupatia kompyuta ya kawaida ya kuandikia barua. Mnunuzi anaibeba kwa furaha, anaiwasha, anaweka muziki, hasikii kitu. Anamwita fundi. Fundi anatikisa kichwa na kusema bodi imekufa.

Mfano ninao. Sigino ni kata iliyomo katika Halmashauri ya Mji wa Babati, mkoani Manyara, eneo la wakulima wa mahindi na mbaazi. Huko wapo vijana wanne wanaojipatia riziki kwa kurekodi kwaya na kupiga video za harusi. Baada ya kuuza mbaazi walichanga fedha wakanunua seva ya mtumba, ili waachane na kompyuta ya mkononi iliyokuwa ikikesha usiku mzima kukamilisha video ya harusi moja. Tayari walikwishapokea malipo ya awali kutoka kwa kwaya iliyotaka nyimbo zake kumi. Seva ikafika, ikawaka, ikanguruma, lakini sauti hakuna, na ile programu ya kuhariri video ikakataa kabisa kuingia. Fundi akawaambia wanunue bodi nyingine kwa shilingi 180,000. Mmoja wao akanisimamisha njiani, akasema, "Shikamoo mzee. Wewe mtu wa redio, mashine yetu ni bubu. Tumpe fundi hiyo hela, au turudishe pesa za kwaya?"

Nilimwambia asitoe hata senti mpaka tujue mlango gani umefungwa. Maana milango iko zaidi ya mmoja, na kila mmoja una ufunguo wake.

Kwanza, seva ni nini? Ni kompyuta iliyotengenezwa kuhudumia kompyuta nyingine. Benki inayo, hospitali kubwa inayo, kampuni ya simu inazo nyingi ajabu. Hukaa kwenye chumba chenye ubaridi, mara nyingi bila kioo wala kibodi, na mtu akitaka kuifanyia kazi huifikia kwa mtandao kutoka mezani kwake. Hakuna anayekaa mbele yake kusikiliza taarabu. Kwa hiyo mtengenezaji haoni haja ya kuweka tundu la spika. Ukiigeuza nyuma utaona matundu ya mtandao mawili au manne, matundu ya USB na tundu la kioo, lakini yale matundu madogo ya duara, la kijani na la waridi, ambayo kila mtoto wa mjini anayafahamu, mara nyingi huyaoni. Hayakuharibika. Hayakuwekwa tangu kiwandani.

Huo ndio mlango wa kwanza, na kuufungua si kazi ya kubadilisha bodi. Kinatakiwa kifaa cha sauti cha USB, kidogo kama kidole, au mikisa yenye tundu la USB, ile wanayotumia wapiga muziki wengi wa makanisani. Vifaa vingi vya namna hii vinafuata kanuni moja ya kimataifa, hivyo Windows hukitambua chenyewe bila kudai diski ya mwenye kifaa. Vijana wa Sigino walikuwa na mikisa hiyo sikuzote. Ilikuwa imewekwa juu ya kabati.

Lakini mtu anaweza kuchomeka mikisa na bado asisikie kitu. Hapo tunaingia kwenye habari ya mfumo wenyewe, yaani ile programu mama inayoendesha mashine, na ndipo penye utamu wa habari hii.

Windows inayokaa kwenye seva na Windows inayokaa mezani kwako ni ndugu wa tumbo moja. Windows Server 2008 ina kiini kimoja na Windows Vista baada ya Vista kufanyiwa marekebisho ya kwanza. Zote mbili zilikamilika Februari 2008. Server 2008 R2 ni ndugu wa Windows 7, Server 2012 ni ndugu wa Windows 8, Server 2016 na 2019 ni ndugu wa Windows 10. Siri hii ya ukoo ilipigiwa kelele zamani. Mwaka 1996 Microsoft ilikuwa ikiuza Windows NT 4.0 kwa majina mawili, Workstation na Server, na ile ya Server bei yake ilikuwa juu zaidi. Leseni ya Workstation ilikuwa na kikomo cha wageni kumi waliounganishwa kwa wakati mmoja, hivyo aliyetaka kuendesha tovuti kwa heshima alilazimika kununua Server.

Kampuni ya uchapishaji ya O'Reilly ya Marekani haikufurahi, kwa kuwa yenyewe ilikuwa ikiuza programu ya kuendesha tovuti iliyofanya kazi vizuri tu kwenye Workstation. Mwandishi wake Andrew Schulman, pamoja na mtaalamu Mark Russinovich, wakachimba, wakaonyesha kwamba kiini ni kile kile: mfumo ukiwaka husoma maandishi machache kwenye daftari lake la ndani, ukikuta umeitwa Server unajipanga kama Server, ukikuta umeitwa Workstation unajipanga kama Workstation. Microsoft ilishikilia kwamba bidhaa hizo mbili zimelengwa kwa kazi tofauti. Ukweli ni kwamba pande zote mbili zilikuwa na hoja. Kichekesho ni kwamba mwaka 2006 Microsoft iliinunua kampuni ya Russinovich, naye akaingia jikoni kule kule alikokuwa akikuchungulia dirishani.

Nasema pande zote zilikuwa na hoja kwa sababu kujipanga kwa Server si jina tupu. Chukua mfano wa mashine ya kusaga. Kuna mwenye mashine anayemsagia kila mtu debe moja, kisha anahamia kwa mwingine, halafu anarudi tena kwa wa kwanza, na yule aliyesimama mlangoni anampa kipaumbele kidogo. Foleni inasogea kwa vipande vidogo, kila mtu anaona unga wake unatoka. Na kuna mwingine anayesaga gunia zima la mtu mmoja mpaka liishe, ndipo aguse la pili. Huyu wa pili anasaga magunia mengi zaidi kwa siku, maana hapotezi muda kubadilisha, lakini aliyekuja na kibaba kimoja atasubiri.

Windows ya mezani ni yule wa kwanza, na ya seva ni yule wa pili. Mfumo hugawa muda wa prosesa kwa mapigo ya saa ya ndani, kila pigo likiwa kama milisekunde 15. Kwenye Windows ya mezani programu hupewa kwa kawaida mapigo 2 kisha zamu huhamia kwa nyingine, na ile iliyo mbele ya macho yako huongezewa. Kwenye seva kila programu hupewa mapigo 12, bila kujali iko mbele au nyuma. Kwa benki huo ni mpango mzuri sana. Kwa anayerekodi sauti unaweza kuwa balaa, kwa kuwa sauti haisubiri. Inadai ihudumiwe kidogo kidogo kila mara, na ikicheleweshwa hata sehemu ndogo ya sekunde utasikia mkwaruzo au wimbo kukatika. Dawa yake ipo ndani ya mfumo wenyewe. Unafungua sifa za mfumo, unaingia sehemu ya utendaji, unakuta maswali mawili: kipaumbele kiende kwa programu, au kwa huduma za nyuma ya pazia? Seva imewekwa kwenye huduma. Unahamishia kwenye programu, basi.

Sasa hiyo huduma ya sauti. Kwenye Windows, sauti haitoki yenyewe. Inapitishwa na kijiprogramu kinachokaa nyuma ya pazia, kiitwacho Windows Audio. Kwenye kompyuta ya mezani kijiprogramu hiki huamka pamoja na mashine. Kwenye Windows Server 2003 kilizimwa kabisa kutoka kiwandani. Kwa nini mtu azime sauti?

Sababu yake ni vita. Julai 2001 kirusi kilichoitwa Code Red kilishambulia seva za Windows kupitia programu ya tovuti ambayo watu wengi hawakujua kama wanayo, kwa kuwa ilikuja imewashwa pamoja na mfumo. Septemba mwaka huo huo kikaja Nimda. Januari 2002 Bill Gates aliwaandikia wafanyakazi wake waraka akiwaagiza waweke usalama mbele ya mapambo. Kabla mwaka wa pili haujachanganya, tarehe 25 Januari 2003, kikaibuka Slammer, ambacho mwanzoni kilijizidisha maradufu kila baada ya sekunde 8.5, na katika muda wa dakika 10 kilikuwa kimezifikia karibu mashine zote duniani zilizokuwa na udhaifu huo, zipatazo 75,000. Nacho pia kilipenya kwa huduma ya hifadhidata ambayo wenye mashine wengi hawakuwa na habari nayo, maana ililetwa kimya kimya na programu nyingine.

Microsoft ilipotoa Windows Server 2003 mwezi Aprili, somo lilikuwa limeingia. Kila kisichohitajika kilifungwa. Programu ya tovuti haikuwekwa mpaka uitake mwenyewe. Kile kivinjari cha intaneti kiliwekewa ulinzi mkali kiasi kwamba kila ukurasa kinakuuliza kama unauamini. Sauti ikazimwa, mapambo ya kioo yakazimwa, na nguvu ya kadi ya picha ikapunguzwa. Kila huduma inayofanya kazi ni mlango ambao mwizi anaweza kuujaribu, na seva ya benki haina haja ya mlango wa muziki. Hivyo ndugu zangu, ule ububu wa seva si ugonjwa. Ni amri, na ni amri ya busara kwa kazi iliyokusudiwa.

Kuitengua amri hiyo hakuhitaji bisibisi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika services.msc, bonyeza Enter. Itafunguka orodha ndefu. Shuka mpaka Windows Audio, ifungue, badilisha namna ya kuanza iwe Automatic, kisha bonyeza Start. Kwenye matoleo ya 2008 na kuendelea yuko jirani yake aitwaye Windows Audio Endpoint Builder. Naye mfanyie vivyo hivyo. Katika baadhi ya matoleo hayo hata huna haja ya kuhangaika na orodha, maana ukibonyeza alama ya spika pembeni ya kioo mfumo wenyewe unakuuliza kama uwashe sauti, nawe unakubali.

Nisisitize jambo moja ambalo huwachanganya mafundi wenyewe. Ukiingia kwenye seva kwa mtandao ukiwa kwenye kompyuta nyingine, mfumo hukufichia kadi ya sauti ya seva na kukupa kifaa cha sauti cha kufikirika, ambacho hupeleka sauti kwenye kompyuta uliyokaa nayo. Mtu anaweza kukaa saa nzima akiitafuta mikisa iliyochomekwa nyuma ya seva asiione, na mikisa haina kosa lolote. Kwa kazi ya kurekodi, chomeka kioo na kibodi, kaa mbele ya mashine yenyewe.

Mlango wa tatu ni wa video. Ili kompyuta icheze au ihariri video inahitaji kodeki, yaani maarifa ya kuzifungua picha zilizobanwa. Windows ya mezani inayo mengi ya maarifa hayo katika fungu liitwalo Media Foundation, na programu nyingi hulitegemea zikiamini kuwa lipo. Kwenye seva huenda halipo. Ndipo unapoona ujumbe kwamba faili la MFPlat.dll halikupatikana, na vijana wa mjini wanakimbilia kulipakua faili hilo kwenye tovuti za ajabu ajabu. Tafadhali sana, msifanye hivyo. Faili moja lililookotwa njiani haliwezi kufanya kazi ya fungu zima, na huwezi kujua limebeba nini. Fungu halali limo ndani ya Windows yenyewe likisubiri kuitwa. Unafungua Server Manager, unachagua kuongeza vipengele, unatia alama kwenye Media Foundation, au kwenye matoleo ya 2008 unatia alama kwenye Desktop Experience, kisha unawasha mashine upya. Desktop Experience ndiyo inayoleta pia Windows Media Player na mapambo mengine ya mezani.

Kuanzia Server 2016 utaratibu ulibadilika, na hapa watu wengi huumia. Ukiwa unaupachika mfumo upya, unaulizwa uchague toleo, na lile la kwanza kwenye orodha ni lile lisilo na meza, lisilo na madirisha, lenye kioo cheusi cha kuandikia amri tu. Asiyesoma anabonyeza mbele, mbele, anaishia kwenye kiza. Lazima uchague mstari wenye maneno Desktop Experience. Ukikosea hapo huwezi kuongeza meza baadaye, kama ilivyowezekana kwenye 2012. Itabidi uanze upya.

Kwa anayetaka kutazama tu, njia ya mkato ni VLC, programu ya bure iliyoanzia kwa wanafunzi wa chuo cha École Centrale Paris mwaka 1996. Hii huja na kodeki zake yenyewe, kama msafiri mwenye sufuria yake, haiombi jiko kwa mwenyeji.

Tukija kwenye mlango wa nne, nao ndio ulioikataza ile programu ya kuhariri video ya vijana wetu, hasira yangu inahama kutoka kwa fundi kwenda kwa wauza programu. Programu inapoingia huuliza mfumo: wewe ni wa aina gani? Mfumo hujibu kwa tarakimu. Jibu la 1 maana yake ni kompyuta ya mezani, 2 ni seva inayosimamia mtandao, 3 ni seva ya kawaida. Programu ikisikia 2 au 3, baadhi hufunga mlango hapo hapo. Wakati mwingine ni kwa sababu ya haki, kwamba hawajaijaribu kwenye seva na hawataki lawama. Mara nyingine ni biashara tu. Programu nyingi za bure za kuzuia virusi, mathalani, hukataa seva kwa makusudi, kwa kuwa mwenye seva anahesabiwa kuwa ni kampuni na kampuni inatakiwa ilipe. Hata programu za kuendeshea kadi za picha na vifaa vya mtandao usio na waya zinaweza kukataa kwa sababu hiyo hiyo, ingawa kiini ni kimoja.

Zipo hila za kuidanganya programu ili ione tarakimu 1. Mimi sizishauri kwa mtu anayekula kwa mashine hiyo, kwa kuwa siku programu itakapojisahihisha yenyewe hila inakufa, na itakufa siku ya harusi. Ni afadhali kutafuta programu isiyouliza ukoo. Kwa sauti ipo Audacity, ambayo ni ya bure na inatosha kabisa kwa kwaya. Kwa video zipo Shotcut na Kdenlive, nazo za bure.

Wale vijana, baada ya kuchomeka mikisa, kuwasha huduma mbili na kuongeza Media Foundation, walisikia sauti kabla ya adhuhuri. Programu yao ya zamani ya video waliiacha, wakajifunza Shotcut kwa muda wa wiki moja hivi, kwa manung'uniko mengi. Bodi haikununuliwa, na fedha za kwaya hazikurudishwa.

Hata hivyo sitaki mtu atoke hapa akadhani kila seva ni mali. Zipo gharama ambazo muuzaji hazisemi. Ya kwanza mimi kama mtu wa redio naiona kubwa kuliko zote: kelele. Feni za seva zimetengenezwa kwa chumba kisicho na watu. Ukiweka maikrofoni kwenye chumba kimoja na seva utarekodi upepo, na hakuna programu itakayouondoa upepo huo bila kuikwangua na sauti ya mwimbaji. Seva ikae chumba cha pili, ukuta katikati. Lakini waya wa USB wa kawaida haupaswi kuzidi mita 5, kwa hiyo chumba chenyewe kiwe cha jirani kweli. Wenye nyumba ya chumba kimoja wafikirie mara mbili.

Ya pili ni umeme. Uniti moja ya LUKU ni wati 1,000 kwa muda wa saa moja. Seva inayovuta wati 300 ikikaa saa 10 kwa siku inakula uniti 3 kila siku, na kompyuta ndogo ya mkononi haifikii uniti moja kwa muda huo. Ya tatu ni picha. Kijichipu cha picha cha seva ni kidogo, kinatosha kuonyesha maandishi tu, na video nzito itahitaji kadi ya picha ya kuongeza. Kabla ya kuinunua fungua boksi, pima nafasi, angalia kama pana waya wa umeme wa kuilisha, maana seva nyingi nyembamba hazina nafasi wala waya huo.

Kuna wanaoniuliza habari za Linux. Kwa kweli kwa seva ya mtumba ni jibu zuri, na ni halali bila kulipa. Ubuntu ya seva na Ubuntu ya mezani huchota programu kwenye ghala moja, kwa hiyo anayetaka meza anaiongeza kwa amri moja, na hakuna programu inayouliza tarakimu. Sauti ikikosekana, kabla ya jambo lolote fungua alsamixer utazame kama njia za sauti zimenyamazishwa. Zenye herufi MM zimefungwa, na herufi M ya kibodi inazifungua. Shotcut, Kdenlive, Audacity na VLC zote zimo humo.

Nimalizie na leseni, kwa kuwa hapa ndipo mashine inayofanya kazi leo inapoweza kukusaliti mwezi wa sita. Programu za kompyuta zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, lakini hata asiyejali sheria atakutana na saa ya ndani ya mashine. Seva nyingi za makampuni hupewa uhalali na mashine nyingine iliyomo ndani ya kampuni, na zinatakiwa ziiripotie angalau mara moja kila siku 180. Ikishauzwa mtumba haina pa kuripoti. Baada ya siku hizo Windows huanza kukudai. Nyingine huuzwa zikiwa na toleo la majaribio, nalo ni la siku 180 vile vile, na likiisha mashine hujizima kila baada ya saa moja, uwe unarekodi usiwe unarekodi. Kwenye kile kisanduku cha Windows na R andika slmgr /dlv, utasoma siku zilizobaki na aina ya leseni.

Kisha andika winver, uone mwaka wa toleo. Server 2008 R2 iliacha kupewa marekebisho ya usalama ya kawaida tarehe 14 Januari 2020, na Server 2012 tarehe 10 Oktoba 2023. Server 2016 imepangiwa kufika mwisho tarehe 12 Januari 2027, na Server 2019 tarehe 9 Januari 2029. Windows 10, ambayo wengi wangependa kuihamishia humo, ilifikia kikomo chake tarehe 14 Oktoba 2025. Amri hizi mbili huchukua dakika mbili tu. Zifanye dukani, muuzaji akiwa amesimama pembeni na fedha zikiwa bado mfukoni mwako, na ukikuta 2008 au 2012 ijadili bei kana kwamba unanunua mashine isiyo na Windows kabisa.